Matembezi bila mchango, bila hotuba, bila picha

Ndugu Mhariri,

Kila Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, inapokaribia, magazeti, na lenu likiwemo, hujaa ushauri uleule: tembea, zungumza na wenzako, usijifungie ndani. Hatuna ugomvi nao, ila ni ushauri unaoishia nusu njia. Hausemi mtu atoke saa ngapi, aende na nani, kwa mwendo gani, na wenzake wafanye nini siku asipotokea. Ndiyo maana hapa Kigoma kikundi cha matembezi huzaliwa na watu ishirini, na mwezi wa tatu wamebaki wanne na deni la fulana.

Tunaoandika ni watatu: muuguzi wa afya ya akili, mwongoza watalii na mchora tatuu. Kazi zetu hazifanani, lakini zinatukutanisha na watu walewale, wenye mawazo yasiyolala. Tunachotaka kusema ni kwamba miti, ziwa na mchoro wa mkononi husaidia, lakini kinachomshika mtu asianguke ni kuhesabiwa: kuwapo mtu anayejua kwamba Jumanne hukuja. Na njia ya kufika hapo huzibwa na mambo matatu, yaani mchango, hotuba na picha.

Mchango huanza kwa nia njema. Mia tano ya maji, kisha elfu kumi ya fulana, kisha mfuko wa kufa na kuzikana. Mtu mwenye sonona mara nyingi kazi imeshamlegea, na wa kwanza kukosa hiyo mia tano ni yeye. Hatasema hana, ataacha tu kuja. Vikoba viwe siku nyingine, kwenye daftari jingine. Hotuba nayo huja kikundi kikishapata jina: anatokea mhamasishaji, watu wanasimamishwa, wanaambiwa wapige kifua waseme wao ni washindi. Kwa mtu aliyekesha siku tatu hayo ni makelele. Picha ndiyo mbaya kuliko zote. Mji wetu ni mdogo. Picha ya “kikundi cha wenye msongo” ikiingia kwenye grupu la mtaa asubuhi, mchana mwajiri, mchumba na shemeji wote wameiona. Simu zikae mfukoni. Anayetaka kupiga picha ziwa, awape wenzake mgongo aelekee ziwani.

Saa nayo ina mambo yake. Vikundi vyetu hupenda kuiga Dar es Salaam, watu wakutane saa 11:30 alfajiri. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi lakini saa yetu ni ileile ya pwani, kwa hiyo jua letu huchelewa: huchomoza kati ya saa 12:35 na saa 1:10 asubuhi, kutegemea mwezi. Saa 11:30 hapa ni usiku mtupu, na mwanamke gani atatoka peke yake gizani eti anakwenda kutuliza moyo? Tulichopewa sisi ni jioni ndefu. Kuanzia saa 11 hadi saa 12:15 jioni joto limepungua, mwanga upo wa kutosha, jua linaelekea milima ya Kongo, na mbu hawajaanza kazi. Siku zichaguliwe kwa akili pia. Ijumaa kuna msikiti, Jumamosi Wasabato wako ibadani nao hapa si haba, Jumapili ni makanisa mengine. Jumanne na Alhamisi hazimkwazi mtu. Ramadhani ikiingia, sogezeni iwe saa 1:15 asubuhi, wakati waliofunga bado wana nguvu za daku.

Kwa wavuvi wa dagaa, kalenda ni mwezi wa angani. Uvuvi wa taa hutegemea giza. Mbalamwezi ikiwa pevu taa haivuti samaki, na wavuvi hukaa nchi kavu siku kadhaa. Siku hizo ndizo za kuwaalika, kwa sababu ndizo siku ambazo pesa imekatika, pombe iko karibu na kichwa hakina kazi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Miezi mitatu bila kushika wavu ni mzigo kwa akili hata kama sababu yake ni ya haki, na kikundi kinachosubiri kufungwa kwingine ndipo kianze kitakuwa kimechelewa. Kwa wanawake wanaoanika dagaa Kibirizi au Katonga, asubuhi haiwezekani kabisa, maana ndiyo saa ya kupokea mitumbwi na kutandaza. Wao waje baada ya kuanua, kwa dakika 45 tu, na mwenye mtoto mgongoni aje naye.

Kiasi gani kinatosha? Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019, uliohusu watu wapatao 20,000, uliona kwamba waliofikisha dakika 120 kwa wiki kwenye mazingira ya asili walikuwa na hali bora ya afya na moyo kuliko wasiokwenda kabisa, na haikujalisha kama ni kwa mkupuo mmoja au kwa vipande. Mwingine wa Marekani, wa mwaka 2015, ulilinganisha waliotembea dakika 90 penye nyasi na miti na waliotembea kando ya barabara yenye magari. Wa kwanza walipunguza kule kucheua mawazo, yaani kulirudia neno moja kichwani kama ng’ombe anavyorudia majani. Wa pili hawakupata nafuu hiyo. Kwa hesabu ya kawaida, matembezi mawili ya saa moja kwa wiki yanatosha. Si mazoezi ya jasho. Ukiona mtu anahema hawezi kumalizia sentensi, mwendo umezidi.

Chukua njia ya Ujiji iwe mfano. Watu wanane hadi kumi na wawili. Wakizidi hapo kundi hugawanyika wenye maneno na wasio na maneno. Wakutane chini ya miembe karibu na kumbukumbu ya Livingstone, pale Stanley alipomkuta mwaka 1871. Kuingia ndani si lazima, kivuli cha nje kinatosha. Mtu mwenye mwendo mdogo kuliko wote ndiye awe mbele, si kiongozi. Kiongozi akae nyuma kabisa, afunge mkia, kwa sababu anayetaka kuondoka kimya kimya huanzia nyuma.

Dakika kumi za kwanza hakuna kuongea. Kila mtu ahesabu moyoni vitu vitano anavyoviona, vinne anavyoweza kuvigusa, sauti tatu, harufu mbili, na ladha moja iliyo mdomoni. Ni zoezi la hospitalini, lakini Ujiji inalijaza vizuri: gamba la mwembe lililopasuka, nyundo ya fundi mtumbwi inayogonga na kunyamaza, mwangwi wa injini ya mashua, moshi wa kuni, mawese yanayochemka nyumba ya tatu, dagaa walioanuliwa hivi punde. Ukifika kwenye harufu, utakuta lile lililokusumbua asubuhi limesogea hatua moja pembeni. Halijaondoka, limesogea tu.

Kisha tembeeni wawili wawili, bega kwa bega. Mwanamume wa huku ukimketisha uso kwa uso umuulize “tatizo lako nini?” atakujibu hana tatizo. Akiwa anatazama maji, na wewe unatazama maji, atasema. Maswali yawe madogo: umelalaje? Umekula nini jana usiku? Nani umeongea naye leo? Majibu ya maswali hayo matatu yanamweleza muuguzi mambo mengi kuliko nusu saa ya kumdodosa. Na marufuku kutoa ushauri usioombwa. Ufukweni kaeni robo saa, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita, mara kumi. Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, mapigo ya moyo hushuka. Rudini kwa njia nyingine. Mzunguko wote ni kilomita tatu hivi.

Yanayoharibika njiani ni haya. Maji ya ziwa yamepanda miaka ya karibuni na kumeza baadhi ya njia za ufukweni, kwa hiyo kiongozi apite njia hiyo mchana wa siku hiyohiyo. Kuoga hapana: ufukweni kuna kichocho, na kwenye mawe wamo nyoka wa maji wenye sumu, ambao humkimbia mtu ila si vizuri kutia mkono kwenye mianya ya mawe. Kandambili zinafaa mchangani, hazifai mlimani kuelekea Bangwe. Kuanzia Novemba hadi Aprili, wingu likinguruma, msijikinge chini ya mwembe. Nendeni kwenye nyumba, hata kama ni kibanda cha mpesa. Msimu wa embe nao una hatari yake, ingawa hakuna aliyewahi kuilalamikia.

Watu wanaotumia dawa waulizwe, kwa faragha. Klopromazini, dawa ya wanaosikia sauti, humfanya mtu ababuke na jua haraka, basi kofia na mikono mirefu. Amitriptilini, dawa ya sonona, hukausha mdomo na huleta kizunguzungu mtu akisimama ghafla, basi abebe nusu lita ya maji na anyanyuke taratibu pale ufukweni. Mwenye kifafa atembee upande wa ndani, mbali na maji, na mwenzake ajue la kufanya: kumlaza ubavu, kumwondolea vitu vigumu, kutomtia chochote mdomoni. Na jambo moja tulirudie kwa sababu linaua: kupata nafuu kwa matembezi si ruhusa ya kuacha dawa. Dawa nyingi za sonona huchukua wiki mbili hadi nne kabla ya kuonyesha kazi, na mtu akiziacha ghafla hali inaweza kurudi kwa kishindo.

Wengine hudhani “mazingira ya asili” ni Hifadhi ya Gombe. Gombe ni pazuri, lakini kuna boti, kuna kiingilio, na mwenye kikohozi hatakiwi kuwakaribia sokwe mtu kwa sababu mafua yetu huwaua. Hata hivyo kuna kitu cha kuazima kule. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall, aliyefika Gombe Julai 1960, alikuta, kati ya mengi, kwamba sokwe hupitisha saa nzima wakichambuana manyoya, na baada ya ugomvi ndivyo wanavyopatana. Hakuna hotuba. Mmoja huketi, mwingine humsogelea.

Sasa daftari. Hili ndilo moyo wa jambo, na ni daftari la kawaida la kurasa 48. Safu nne: jina moja tu, namba ya simu, namba ya mtu mmoja wa kupigiwa, na alama ya alikuja au hakuja. Ugonjwa hauandikwi. Daftari hulala kwa mtu mmoja aliyechaguliwa, halipigwi picha. Mtu akikosa mara moja, anatumiwa ujumbe mfupi usio na lawama: “Tulikuwa kumi leo, wewe ndiye wa kumi na moja.” Akikosa mara ya pili mfululizo, watu wawili wa jinsia yake wanampitia nyumbani, bila kutangaza wametoka wapi. Mtaani wanapita kama wageni wa kawaida, na wakiwa na ndizi mkononi hakuna jirani atakayeuliza.

Huko nyumbani kuna swali ambalo watu huliogopa. Mtu akisema amechoka na dunia, akigawa vitu vyake, au akitulia ghafla baada ya siku nyingi za mahangaiko, muulizeni wazi: unawaza kufa? Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Wengi hupumua kwa kusikia mtu amelitaja. Akikubali, asiachwe peke yake usiku huo. Sumu za shambani na dawa zilizobaki zifungiwe kwa jirani, kisha asubuhi, au usiku huohuo kama hali ni mbaya, apelekwe kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Vivyo hivyo anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, asiyelala siku nne na bado ana nguvu za ajabu, au mama aliyejifungua anayemwogopa mtoto wake. Hawa matembezi si dawa yao ya kwanza. Kwa watoto, namba 116 hupigwa bila malipo.

Anayedhani haya ni mambo ya kuiga Ulaya atazame jirani zaidi. Zimbabwe, kuanzia mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha mabibi wa mtaani kusikiliza watu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Ugonjwa wenyewe waliuita kwa Kishona, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, neno ambalo sisi tunalisema kila siku kwa namna yetu: “ana mawazo.” Matokeo yalichapishwa mwaka 2016, na waliokaa na mabibi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kitu tunachokipenda zaidi ni kilichofuata: waliomaliza vikao walikaa katika duara, wakafuma mikoba kwa plastiki zilizotupwa huku wakizungumza. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hufunguka. Ujiji ina baraza, ina kahawa chungu, ina bao na drafti, ina akina mama wanaofuma vitambaa. Benchi tunalo tayari, linalokosekana ni daftari.

Tunajua neno tatuu likitajwa baadhi ya wasomaji watafunga gazeti. Kwa Waislamu ni haramu, na Wakristo wengine watafungua Mambo ya Walawi 19:28. Hatuna nia ya kubishana na mtu juu ya dini yake. Lakini vijana wanachorwa, kwenye saluni na vyumba vya nyuma, na wengi wao wanachorwa wakiwa kwenye msiba, talaka au wiki mbaya. Bora wachorwe sawasawa, au waambiwe wasubiri.

Alama ya mwilini si ngeni kwetu. Mabibi wengi wana chale, za urembo na za dawa, na tatizo lake ni lilelile la tatuu ya leo: wembe mmoja kwa watu watano. Virusi vya homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili siku saba, kwenye doa la damu lililokauka ambalo jicho halilioni. Kuchemsha sindano kwenye sufuria hakutoshi, na kuipangusa kwa spiriti hakutoshi. Sindano ni mpya, inafunguliwa mbele ya mteja, inaisha kwa mteja huyo. Kishikio cha chuma kama si cha kutupa kipite kwenye mashine ya mvuke, nyuzi 121 kwa dakika 15 hadi 20. Mashine ya kienyeji iliyotengenezwa kwa mota ya redio haiwezi kusafishwa ndani. Ikikaribia ngozi yako, ondoka.

Wino hubaki kwa sababu sindano huupeleka chini ya ngozi ya juu, milimita moja na nusu hivi. Chembe za kinga huumeza wino, na zikifa nyingine huumeza tena. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2018 ndio ulioonyesha mzunguko huo. Mchoraji akizidisha kina, damu hutoka nyingi na wino husambaa kama tone kwenye karatasi ya choo, mstari unakuwa ukungu wa buluu usiofutika. Akipungukiwa, mchoro hutoka na magamba. Kwenye ngozi yetu nyeusi, rangi nyekundu, njano na nyeupe huonekana hafifu, basi wino mweusi na mistari minene yenye nafasi kati yake. Herufi ndogo kuliko punje ya mahindi zitaungana baada ya miaka michache. Ngozi yetu pia hupenda kovu la kuvimba. Aliyewahi kuwa nalo, hata la sikio lililotobolewa, asichorwe kabisa, na wengine waepuke kifua na mabega. Mjamzito, mwenye kisukari kisichodhibitiwa na aliyekunywa pombe wasubiri. Chini ya miaka 18 jibu ni hapana.

Maji ya kupunguzia wino yawe maji ya sindano yanayouzwa duka la dawa. Maji ya bomba, na zaidi ya ziwa, yana vijidudu ambavyo ukiviweka ndani ya ngozi huleta vipele vya miezi. Marekani, miaka ya 2011 na 2012, watu waliugua kwa wino wa kijivu uliopunguzwa kwa maji yaliyotoneshwa lakini hayakuwa safi kwa kiwango cha sindano. Baada ya kuchorwa, osha kwa maji safi na sabuni isiyo na manukato mara mbili kwa siku, kausha kwa kugusagusa, paka mafuta ya mgando kidogo sana, kiasi cha kung’aa tu. Siku ya nne hadi ya kumi na nne itawasha na kubanduka: pigapiga, usikune. Ziwani usiingie wiki tatu. Wekundu unaotanuka, usaha au homa ni safari ya hospitali, si ya kurudi kwa mchoraji.

Je, tatuu inatibu? Ushahidi wake ni mwembamba kuliko wa matembezi, na mchoraji mwenzetu ndiye wa kwanza kukiri. Inachoweza kumpa mtu ni hisia ya kuamua juu ya mwili wake, hasa mwili uliowahi kuumizwa. Mwaka 2013 Mmarekani Amy Bleuel alianzisha alama ya nukta mkato (;): mwandishi angeweza kumaliza sentensi, akaamua kuendelea. Maelfu ya watu wameivaa, na imewafungulia mazungumzo mengi. Mwenyewe ugonjwa ulimchukua mwaka 2017. Hatusemi hivyo kuidharau alama, tunasema alama bila daftari ni nusu.

Kwa hiyo mchoraji mwema ana kazi ya kuchelewesha. Anayetaka jina la marehemu wiki ya msiba aambiwe arudi baada ya arobaini, na akirudi aambiwe miezi mitatu. Anayetaka kufunika makovu aliyojitia mwenyewe asubiri mwaka mmoja tangu la mwisho, mpaka kovu liwe bapa na limetulia. Anayetafuta kazi aonyeshwe matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi, yanayotaka mwombaji asiye na michoro mwilini. Na kabla ya sindano, jaribio la hina.

Hapa ndipo wengi wa Ujiji watakapoishia, na panatosha. Unga wa majani ya mhina gramu 100, maji ya ndimu yaliyochujwa karibu robo lita, sukari vijiko viwili vya chakula, ukoroge uwe mzito kama uji wa mtoto, ufunike kwa muda wa saa nane. Tia kwenye koni ya nailoni, kata ncha nyembamba. Mchoro ukae saa nne hadi sita, ukwanguliwe bila maji. Kwanza ni rangi ya chungwa, siku ya pili huiva kuwa kahawia, na hukaa wiki moja hadi mbili. Mtu akiukosa mchoro uleule ukishafutika, auchore tena. Akiukosa mara mbili, ndipo azungumze na mchora tatuu. Wengi mara ya pili huchagua mchoro mwingine, na hapo wamejiokoa.

Angalizo: hina ya kweli haiwi nyeusi. Inayotoka nyeusi ndani ya saa moja ni piko, na piko ni rangi ya nywele. Dawa iliyomo hubabua, huacha kovu lenye umbo la ua lilelile, na aliyeshambuliwa mara moja mwili wake hautaisahau maisha yote. Watoto wachanga wasipakwe hata hina ya kweli, kwa kuwa wapo wenye upungufu wa kurithi ambao hina huwavunjia chembe za damu. Uzuri wa hina kwa kikundi ni kwamba haiwezekani kujipaka vizuri mkono wa kulia peke yako. Lazima uutoe kwa mtu, mkae saa nzima, na huwezi kushika simu.

Tuna maombi kwa Manispaa ya Kigoma Ujiji. Maafisa afya wanaokagua saluni na vinyozi wawaulize wachoraji mambo mawili tu: boksi la kutupia sindano liko wapi, na pakiti ya sindano ya mteja wa mwisho iko wapi. Asiye na majibu afunge mpaka ayapate. Na vile vibao vya matangazo vya ofisi za mitaa, pembeni pa majina ya wanaodaiwa, viandikwe siku na saa za kliniki ya afya ya akili.

Kwako Mhariri, ombi letu ni nafasi ya sentimita tano kila wiki, karibu na ratiba ya treni, zichapishwe siku za kliniki hizo kwa Kigoma, Kasulu, Kibondo, Kakonko, Buhigwe na Uvinza. Picha ya watembeaji tafadhali msituombe.

Wasomaji wenu watatu,
Ujiji, Kigoma